Lualaba: Mtoto amezaliwa salama, lakini nani anamfuatilia mama?

Zaidi ya miaka 15 imepita tangu watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU) na wenzao wa Ubelgiji waonyeshe kwamba wakaaji wa maeneo ya migodi ya Katanga wanabeba mwilini kobalti nyingi kupita kiasi. Baadaye tafiti zingine zimefika mpaka kwenye damu ya kitovu na kondo la nyuma. Hata hivyo, mama anayezalia Kolwezi anafuata mpango ule ule wa mama anayezalia mahali pasipo na mgodi hata mmoja: miezi inahesabiwa, mtoto anapokelewa, mama anaruhusiwa kurudi nyumbani.

Ni nini hasa kinachojulikana? Ni nini hakijathibitishwa? Na pesa za kubadilisha hali hii zitoke wapi, katika jimbo ambalo shaba na kobalti yake inatafutwa na dunia nzima?

Mashamba bila mashamba

Jina lenyewe linatosha kuwafikirisha wengi. Mashamba, upande wa magharibi wa Kolwezi, leo si mahali pa mihogo wala mahindi. Ni mashimo makubwa ya shaba na kobalti. Mashamba Mashariki iko mikononi mwa Kamoto Copper Company (KCC), na Mashamba Magharibi, pamoja na Dikuluwe, iliingia katika mkataba wa Wachina na Gécamines uliozaa kampuni ya Sicomines mwaka 2008. Kapata, Luilu na Musonoi ni miji ya wafanyakazi wa migodi. Familia bado zinaishi huko, karibu na mashimo, rundo za mabaki ya madini na barabara za malori.

Ndiyo maana habari ya mimba na uzazi hapa haiwezi kutenganishwa na ardhi. Mama anafagia vumbi lile lile, anachota maji karibu na hapo, na anafua nguo ambazo bwana yake ametoka nazo kazini.

Tafiti zinasema nini

Uchunguzi wa kwanza mkubwa ulitolewa mwaka 2009. Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa UNILU na wenzake, akiwemo Benoit Nemery wa Chuo Kikuu cha Leuven, walipima mkojo wa watu 351 kusini mwa Katanga. Walioishi chini ya kilometa 3 kutoka mgodi au kiwanda cha kuyeyusha madini walikuwa na kobalti nyingi sana. Viwango vyao vilikuwa vya juu kuliko vyote vilivyowahi kuripotiwa kwa watu wa kawaida, yaani watu wasiofanya kazi kiwandani.

Mwaka 2018 timu hiyo ilirudi na matokeo ya mtaa wa Kasulo, hapa Kolwezi, ambako watu walianza kuchimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe. Watu 72 walipimwa, 32 kati yao watoto. Watoto wa Kasulo walikuwa na kobalti kwenye mkojo karibu mara 10 kuliko watoto wa mahali pengine, na dalili za kuharibika kwa chembe za urithi zilionekana.

Uchunguzi unaowahusu akina mama moja kwa moja ulitoka mwaka 2020 katika jarida la Lancet Planetary Health. Ulifanyika Lubumbashi, kati ya Machi 2013 na Februari 2015. Watafiti waliwalinganisha watoto wachanga 138 waliozaliwa na kasoro za mwili zinazoonekana na wengine 108 waliozaliwa bila kasoro. Matokeo matatu yanafaa kukumbukwa.

La kwanza: pale ambapo baba alifanya kazi inayohusiana na madini, uwezekano wa mtoto kuzaliwa na kasoro ulikuwa karibu mara tano na nusu zaidi. La pili: akina mama waliokunywa vitamini wakati wa mimba walikuwa na uwezekano mdogo sana, karibu sehemu moja ya tano. La tatu: manganizi na zinki kwenye damu ya kitovu zilihusishwa na kasoro hizo, lakini kobalti yenyewe haikuhusishwa.

Tusisome zaidi ya yaliyoandikwa

Hapa panahitaji utulivu, kwa sababu uvumi mitaani unakwenda mbio kuliko matokeo ya maabara. Katika kipindi hicho Lubumbashi ilipata vizazi zaidi ya 133,000. Kasoro zilizoandikishwa ni kama moja katika kila vizazi 1,000. Kwa hiyo watoto wengi mno, hata wa wachimbaji, wanazaliwa wazima. Ile hesabu ya mara tano na nusu nayo ina upana mkubwa: ukweli unaweza kuwa juu kidogo tu ya mara moja, au kufika mara 25, kwa kuwa waliochunguzwa ni wachache. Uchunguzi wa aina hii unaonyesha kwamba mambo mawili yanatembea pamoja. Hausemi kwa hakika kwamba moja limezaa lingine.

Ndivyo ilivyo pia kwa ripoti ya mwaka 2024 ya mashirika RAID na AFREWATCH. Waliwahoji watu 144 katika vijiji 25 vinavyozunguka migodi mitano ya eneo la Kolwezi. Asilimia 56 walisema uchafuzi unaathiri afya ya uzazi ya wanawake na wasichana: siku za hedhi kuvurugika, maambukizi, mimba kuharibika mara nyingi zaidi. Huo ni ushuhuda wa watu juu ya maisha yao, si kipimo cha maabara. Lakini ushuhuda mwingi namna hiyo, katika mahali ambako vipimo vya kobalti vimeonyesha viwango vile, ungetosha kuifanya kila maternite ya Kolwezi ianze kuandika na kuhesabu. Mimba inayoharibika nyumbani bila kuandikwa popote haiwezi kuingia katika hesabu ya mtafiti yeyote.

Kuna pia presha kali ya mimba, inayoua mama na mtoto. Mjini Kinshasa, mbali na migodi yetu, watafiti waliwalinganisha akina mama wenye presha hiyo na wengine wasio nayo, wakakuta wale wa kwanza wana risasi nyingi zaidi kwenye mkojo. Kupima presha katika kila ziara ya kliniki ni kazi ya dakika chache, na katika jimbo la madini isirukwe hata mara moja.

Pengo la baada ya kuzaa

Tukiacha madini kidogo, kuna hatari ya zamani zaidi ambayo bado inaua. Uchunguzi wa kitaifa wa afya (EDS) wa mwaka 2013-2014 ulikadiria vifo 846 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000. Umoja wa Mataifa, kwa njia yake ya kukadiria, uliweka hesabu ya Kongo kuwa 547 kwa mwaka 2020. Hesabu yoyote kati ya hizo ni kubwa mno.

Uchunguzi ule wa EDS ulionyesha jambo lingine. Karibu akina mama 8 kati ya 10 walizalia katika kituo cha afya, lakini chini ya nusu ndio waliopimwa tena katika siku mbili za kwanza baada ya kuzaa. Maana yake ni kwamba shida yetu haiishii kwenye kumfikisha mama maternite. Akishafika na kuzaa, macho yote yanahamia kwa mtoto. Na ni katika masaa na siku hizo ambapo damu nyingi inatoka, homa ya maambukizi inaanza, na presha inaweza kupanda tena.

Shirika la Afya Duniani (OMS) linashauri mama na mtoto waonwe angalau mara nne: katika masaa 24 ya kwanza, kati ya siku ya 2 na ya 3, kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika wiki ya 6. Kwa mama anayekaa Luilu asiye na pesa ya pikipiki, ziara hizo hazitafanyika kama hakuna anayemfuata nyumbani.

Kuhusu damu inayotoka baada ya kuzaa, majirani wetu wametoa somo. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2023, uliofanyika Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini kwa wanawake zaidi ya 200,000, ulitumia kitambaa cha plastiki chenye alama za kupima damu na mpango wa kutoa matibabu yote kwa mara moja. Kutokwa damu kwa hatari kulipungua kwa asilimia 60. Siri ilikuwa kupima badala ya kukisia kwa macho.

Huzuni isiyoandikwa popote

Kuna kitu kingine ambacho fishi ya maternite haikiulizi: hali ya moyo wa mama. OMS inakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea, karibu mama mmoja kati ya watano waliozaa anapatwa na tatizo la afya ya akili, hasa huzuni nzito. Halali hata mtoto akilala, hali, anajiona hana maana, wakati mwingine anaogopa kumshika mtoto wake. Jamaa wanasema amelogwa, au ni mvivu. Na mama aliyezaa mtoto mwenye kasoro, au aliyempoteza mtoto, anabebeshwa lawama juu ya msiba.

Hii si tabia mbaya, ni ugonjwa unaotibika. Tangu mwaka 1987 kuna orodha ya maswali 10, iliyotungwa Edinburgh, ambayo muuguzi anaweza kuyauliza kwa muda mfupi ili kumtambua mama anayehitaji msaada. Imetafsiriwa katika lugha nyingi na haihitaji mashine wala umeme.

Pesa: sheria imesema nini

Septemba 2023 serikali ilizindua mjini Kinshasa mpango wa uzazi bila malipo, unaosogezwa majimbo kwa awamu. Ni hatua kubwa, maana fakture ya sezariene imewafilisi wengi, na mama kuzuiliwa kitandani mpaka jamaa walipe ni aibu tunayoifahamu. Lakini bure kwa mama si bure kwa kituo. Pesa zikichelewa kufika, dawa na glovu zinaisha, na mama anatumwa tena kununua nje.

Lualaba ina mlango mwingine. Kanuni ya madini ya mwaka 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji, komuni, sekta au chefferie ambako madini yanachimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Zaidi ya hayo, kila kampuni inayochimba inapaswa kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka, kupitia chombo ambamo wakaaji wana wawakilishi wao. Hesabu ni rahisi: kampuni ikiuza kwa dola bilioni 1, jamii inastahili dola milioni 3.

Mara nyingi pesa za aina hii zinaonekana kwa majengo, kwa sababu jengo linapigwa picha siku ya uzinduzi. Lakini maternite mpya isiyo na wakunga wa usiku ni ukuta tu. Wawakilishi wa jamii wanaweza kudai vitu vitano visivyo na bei kubwa: asidi foliki na dawa ya damu kwa kila mwenye mimba, tena mapema, swali kwenye fishi juu ya mahali anapoishi mama na kazi ya baba, daftari la mimba zilizoharibika na watoto wenye kasoro, wauguzi wa kumfuata mama nyumbani, na zile karatasi za maswali 10.

Na nyumbani je?

Familia nazo zina nafasi yao, bila kusubiri Kinshasa wala kampuni. Baba anayetoka kwenye mgodi abadilishe nguo na kunawa kabla ya kuingia ndani, na nguo hizo zifuliwe peke yake. Mwenye mimba asizikung'ute. Vumbi ndani ya nyumba lipanguswe kwa kitambaa chenye maji kuliko kufagiwa likiwa kavu. Udongo wa pemba ambao wenye mimba wengi wanautamani unaweza kubeba risasi na kuzuia chuma kuingia katika damu. Na kwenda kliniki kuanze katika miezi mitatu ya kwanza, kwa sababu ndipo viungo vya mtoto vinapojengwa.

Lakini haitakuwa haki kumwambia mama peke yake ajilinde na vumbi ambalo hakulileta yeye. Jimbo linaloongozwa na mwanamke, Gavana Fifi Masuka, na linalotoa kobalti ya betri za magari ya Ulaya na Uchina, lina uwezo wa kujua ni akina mama wangapi wamezaa Kapata mwaka huu, na wangapi kati yao walionwa tena baada ya wiki moja. Hesabu hiyo ndiyo wawakilishi wa jamii wanapaswa kuidai mezani kila wakati kampuni inapoleta mpango wa miradi yake.