Twende Tukauone Msitu Unaotulisha

Ndugu mwananchi, chai ya asubuhi umeshakunywa? Kama sukari yake ilitoka Kilombero, umeshaonja kidogo neema ya milima ya Udzungwa. Na wali wa jana usiku, mchele wake ulikuwa wa Ifakara? Basi umeonja tena.

Sisi wa Kariakoo tunajua bei ya kila mzigo unaoshushwa Msimbazi na Mtaa wa Kongo. Lakini wangapi kati yetu tumewahi kwenda kuona yanakotoka maji yanayoukuza mpunga ule?

Yanatoka msituni. Mito inateremka Udzungwa na kuingia Mto Kilombero. Kilombero humimina maji yake Rufiji, na Rufiji ndio unaozungusha mitambo ya umeme ya Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115. Hata pasi ya fundi cherehani wa mtaani kwenu ina undugu na miti ya kule.

Nina ombi moja tu: tuchague siku tatu mwaka huu, tufunge duka, twende.

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, ina kilomita za mraba 1,990, na ndani yake hakuna barabara ya gari. Unatembea kwa miguu, mwongozaji akiwa mbele. Hilo ndilo ninalolipenda zaidi. Hapa mjini utatembea wapi saa nzima bila kupishana na mkokoteni wala kupigiwa honi?

Njia ya Sanje inapanda taratibu chini ya miti mikubwa hadi kwenye maporomoko, ambako maji yanaanguka mita 170. Inua shingo uwatazame mbega wekundu wa Iringa wakiruka tawi hadi tawi. Kisha tazama chini: ukijaliwa utamwona ngolaga wa Sanje akipekua majani makavu. Wanasayansi walimtambua kima huyu mwaka 1979 tu, ingawa wenyeji walikuwa wanamjua siku zote. Wote wawili hawaishi popote duniani ila katika milima hiyo na misitu ya jirani yake. Je, mwanao anajua kwamba utajiri huo ni wake?

Safari kutoka Kariakoo ni ya kilomita 350 hivi. Mabasi ya Ifakara hupita Mikumi na Kidatu, nawe unashukia Mang'ula, kwenye lango la hifadhi. Kiingilio cha Mtanzania hulipwa kwa shilingi, tena ni kidogo sana kuliko cha mgeni wa ng'ambo. Mama zangu wa vikoba, pembeni ya hisa na mfuko wa jamii, hamwezi kuweka mfuko mdogo wa safari? Na wewe mwenye duka, kijana anayekufungulia kila alfajiri, umewahi kumpeleka matembezi?

Nendeni kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, njia isiteleze. Vaeni viatu vya kufunga. Zungumzeni kwa sauti ya chini, na kila chupa iliyoingia itoke nanyi.

Mkifika, msisahau majirani. Wanavijiji wa pale waliwahi kuruhusiwa kuokota kuni hifadhini. Tangu 2011 ruhusa hiyo haipo. Wanabeba sehemu ya gharama ya kuulinda msitu kwa niaba yetu sote. Kwa hiyo msifungashe chakula chote kutoka mjini. Kuleni kwa mama lishe wa Mang'ula, laleni kwenye nyumba zao za wageni, nunueni ndizi zao za kurudi nazo.

Na asiyeweza kusafiri mwaka huu? Jiko lake lipo. Maharage yakilowekwa usiku kucha huiva upesi, na gunia la mkaa linakaa siku zaidi. Anayeweza kupika kwa gesi hata mlo mmoja kwa siku, ameusaidia msitu fulani kusimama.

Kikao chenu cha kikoba ni lini? Taja Udzungwa mapema, kabla hesabu za mikopo hazijaanza.