Saa ya Vitone na Apu Isiyojua Saa Moja

Leo nimekasirika kidogo, mnivumilie.

Nilimnunulia mamangu saa ya mezani, zile zinazoandika kwa vitone vya taa. Sandukuni waliahidi kwamba utachora vibonzo vyako mwenyewe na saa itavichezesha. Nilitaka mambo mawili tu. Jogoo atokee saa kumi na moja alfajiri, na namba zifuate saa yetu ya Kiswahili. Mama humeza dawa ya presha saa mbili usiku. Usiku wa kwanza saa ikaonyesha 8:00, naye akaniuliza, "Mwanangu, saa nane gani hii, na isha tumeiswali sasa hivi?"

Sikuwa na jibu. Nikafungua apu.

Apu ikataka barua pepe. Ikataka kujua nilipo. Kisha ikanionyesha ghala la picha: paka, mioyo, mti wa Krismasi. Ukichora yako, inasafiri hadi kwenye seva ya kiwanda huko ng'ambo halafu inarudi kwenye saa iliyo mbele ya pua yako. Huwezi kuihifadhi kama faili. Na kuhusu wakati? Chagua mtindo wa saa 12 au wa saa 24, basi. Wiki ya pili seva ikalala siku nzima, na jogoo wangu akalala nayo.

Hebu tupige hesabu pamoja. Kipande kimoja cha vitone 8 kwa 8 kina taa 64. Taa inawaka au imezimika, yaani biti moja. Safu ya taa 8 ni baiti moja: 00111100 ni 60, na hapo una ukingo wa kikombe. Picha nzima ni baiti 8. Jogoo wa picha 20, anyanyue shingo, afungue mdomo, apige mbawa, ni baiti 160. Mia na sitini! Kitu kama hicho kinahitaji akaunti na seva ya nini? Hakihitaji. Anayeihitaji ni muuzaji, ili ajue uko wapi na ili kesho aweze kukutoza kwa picha ya paka.

Najua nitakachojibiwa: watu wa kawaida hawataki kuhangaika na msimbo. Kweli, na kuchora kwa kidole kwenye apu ni raha, sikatai. Lakini mama yangu ni mtu wa kawaida, na aliyehangaika ni yeye, akihesabu vidole kila usiku kabla ya kumeza dawa. Ambao hawakutaka kuhangaika ni waliotengeneza apu.

Saa ile nimeirudisha dukani. Nimeunda nyingine kwa vipande vinne vilivyounganishwa, kila kimoja na chipu yake ya MAX7219, na ubongo wa ESP8266 unaovuta wakati kutoka kwenye intaneti. Maandishi yanatembezwa na maktaba ya MD_Parola, ambayo ni ya bure na inajua pia kuchezesha vibonzo. (Herufi zikikutokea zimepinda au kama kwenye kioo, usilie. Umetaja aina isiyofaa ya moduli. Jaribu FC16_HW.)

Na saa ya Kiswahili? Niliidanganya tu kwamba iko Tokyo. Tokyo iko saa 6 mbele yetu, kwa hivyo kwetu ikiwa saa moja asubuhi, kwenye mtindo wa saa 12 inaandika 1:00. Mstari wenyewe ni "JST-9", na ndiyo, ishara iko kinyume; waliotunga kanuni za POSIX ndivyo walivyoamua. Kuna zawadi ndani yake pia: siku inageuka saa kumi na mbili jioni, kama wazee wa pwani wanavyohesabu, usiku ukitangulia mchana, na usiku wa Ijumaa ukiwa ule unaoingia Alhamisi jua likizama. Ukitaka tarehe ya ofisini itabidi uihesabu kando.

Mstari mmoja tu, jamani. Kiwanda kingeweza kuuweka kwenye menyu kwa dakika kumi.

Msiniambie haiwezekani kwa saa za dukani. Ulanzi TC001 ina ESP32 ndani, na wapenzi wameiandikia AWTRIX 3, programu mbadala unayoweza kuisakinisha kupitia kivinjari. Baada ya hapo saa inapokea JSON kwa HTTP au MQTT humo humo nyumbani, na picha ni faili ya GIF ya kawaida unayoweza kumpa jirani. Hicho ndicho nakiita kifaa cha kuchorea. Kingine chochote ni katalogi yenye penseli ya kuigiza. Kabla hujalipa, muulize muuzaji: nikizima intaneti, kibonzo changu kitaingia? Naweza kukitoa kama faili? Akianza kukuonyesha paka, rudisha pesa mfukoni.

Mama sasa anaona 2:00 na kumeza dawa yake bila kuniuliza. Ila anasema jogoo anafanana na bata. Nitamrekebisha leo usiku, shingo tu, baiti tatu hivi.