"Sorry" Moja Imekula Maneno Manne



Ijumaa moja, nyumbani kwa jamaa zetu Al Khuwair, bibi mmoja alimwita mjukuu wake kutoka jikoni. Msichana ana miaka kumi na mitano. Hakusikia vizuri, akajibu, "Sorry?" Bibi akaweka mwiko chini, akauliza, "Umefanya nini tena, mwanangu?" Tulicheka sote, na mimi nilicheka.

Baada ya wiki chache sikucheka. Tulikuwa matangani, Al Khoud, upande wa wanawake. Msichana yule yule, mtoto mwenye adabu zake, alimpa mkono mfiwa na kusema kwa sauti ya chini, "Sorry, anti." Mfiwa akamtazama kama mtu anayengoja kuelezwa kosa lenyewe. Mama mtu akadakia haraka, "Anakwambia pole." Mtoto wetu, wa nyumba inayosema Kiswahili asubuhi na jioni, anahitaji mkalimani matangani!

Najua jawabu la baadhi yetu, maana nimelisikia barazani mara nyingi. Ati Kiingereza ni lugha tajiri, neno moja hufanya kazi kumi. Haya, tulitazame hilo neno moja. Ukimkanyaga mtu unasema "sorry". Akifiwa unamwambia "sorry". Hukusikia alilosema, "sorry". Unataka akupishe njia, "sorry". Barua ya kukunyima kazi nayo huanza kwa "sorry", na aliyeiandika hana kosa wala huzuni. Hata nyumba mbovu, Mwingereza husema imo katika hali ya "sorry".

Sisi kila mlango una ufunguo wake. Aliyekosa husema samahani, au kumradhi. Anayemhurumia mwenzake husema pole. Aliyeitwa huitika labeka au naam. Mchukuzi mwenye mzigo katika vichochoro vya Mji Mkongwe hupiga ukelele, "Simile!" Na kila neno lina jawabu lake. Pole hujibiwa nishapoa, au ahsante. Samahani hujibiwa haidhuru, au nimekusamehe. Mfiwa yule angemjibu nini mtoto? Angesema nimekusamehe?

Sitaki mtu adhani kwamba namtukana Mwingereza. Neno lake lina asili nzuri, limetoka kwenye shina lenye maana ya maumivu, na kuomba radhi kwa neno hilo kulikuja baadaye. Mtoto wa Kiingereza hukua nalo, hujua kwa sauti na kwa uso wa msemaji ni "sorry" gani. Watoto wetu wa Maskati wamelipata kwenye televisheni na skuli, ganda bila ya kokwa. Wala sidai kwamba maneno yetu hayana maana nyingi. Pole hiyo hiyo imo katika polepole, na imo katika upole. Tunampa pole hata aliyetoka kazini na aliyetoka safari. Lakini maana zake zote zinakaa upande mmoja, upande wa kumlainishia mtu. Pole haijapata kuwa maungamo ya kosa.

Na hapa ndipo penye hatari. Lugha yetu inakulazimisha uchague. Ukisema samahani umekiri kwamba mkono ni wako. Ukisema pole umemhurumia mtu, na mkono huenda ukawa wa mwengine. "Sorry" inakuruhusu usimame katikati, umhurumie uliyemuumiza bila ya kukiri kwamba ni wewe uliyemuumiza.

Wakubwa wanaujua sana mwanya huo, hata wanapotumia maneno mengine. Mwezi Juni 2013, William Hague, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, aliliambia Bunge kwamba serikali yake inajutia kwa dhati mateso waliyopewa Wakenya wakati wa Mau Mau. Wadai 5,228 waliwekewa pauni milioni 19.9, na papo hapo serikali ikaendelea kukana dhima. Tarehe 31 Oktoba 2023, Mfalme Charles alisema Nairobi kwamba ana huzuni na majuto makubwa kwa maovu yaliyotendwa, na kwamba hayana udhuru. Radhi hakuomba. Kwa Kiswahili chetu tungesema Wakenya walipewa pole na mtu waliyekuwa wakingojea kwake samahani. Kesho yake tu, tarehe 1 Novemba, Rais Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea, mbele ya vizazi vya waliouawa katika Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, akaomba msamaha. Kama msamaha huo umetosha ni mjadala mwengine. Lakini bibi yeyote wa Al Khuwair angekueleza tofauti ya siku mbili hizo kwa maneno mawili.

Sasa mjukuu wake je? Wengi wetu tulifika hapa baada ya 1964, na wengine baada ya 1970, Sultan Qaboos alipowaita Waomani warudi. Kiingereza tulichokuja nacho kilitufungulia milango ya maofisi na mabenki, na sikani. Lakini Kiswahili hakikuwa na skuli hapa. Kilikuwa na jikoni, sebule na matanga tu, na sasa huko nako tunakifukuza kwa mikono yetu. Wazazi wanaona fahari mtoto akisema "sorry" kwa matamshi ya London. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mwanao akijikwaa dole utamwambia pole. Je, akijikwaa ulimi mbele ya mfiwa?

Siombi madarasa wala kamati. Naomba kila nyumba ifanye jambo moja. Mtoto akisema "sorry", aulizwe palepale, kama bibi yule alivyouliza: umekosa, umehurumia, hukusikia, au wataka kupita? Kisha apewe neno lake, na asubiriwe mpaka alitamke.

Na kama ukali wangu umemkwaza mzazi yeyote, namwambia samahani, maana kosa ni langu. Kwa mtoto aliyekosa neno matangani, namwambia mzazi huyo pole.