Kipimo cha saratani kianze kwa kutunza damu

Kila baada ya muda hutangazwa kipimo kipya cha damu kinachosemekana kitagundua saratani mapema, bila mgonjwa kukatwa kipande cha nyama. Baadhi ya vipimo hivyo hutegemea maikroRNA. Ni habari njema, lakini kabla ya kushangilia yafaa tuulize: damu yenyewe ilitolewa na kutunzwa vipi?

MaikroRNA ni vipande vidogo mno vinavyodhibiti kazi ya jeni mwilini. Ugunduzi wake, uliochapishwa mwaka wa 1993, uliwaletea Victor Ambros na Gary Ruvkun wa Marekani Tuzo ya Nobel mwaka wa 2024. Mnamo 2008, watafiti wa kituo cha saratani cha Fred Hutchinson, mjini Seattle, walionyesha kwamba vipande hivyo hudumu katika majimaji ya damu bila kuharibika upesi. Kimoja chao, miR-141, kiliweza kuwatenga wanaume wenye saratani ya tezi dume iliyoenea na wale wasio nayo.

Taabu ni kwamba chembe nyekundu za damu nazo zimejaa maikroRNA, hasa miR-451 na miR-16. Damu ikivutwa kwa nguvu au kichupa kikitikiswa ovyo, chembe hizo hupasuka na kumwaga yaliyomo. Mwaka wa 2012 watafiti wa kituo hicho hicho walitoa onyo. Kati ya maikroRNA 79 zilizokuwa zimetajwa kuwa dalili za saratani, 46 hupatikana kwa wingi katika chembe za damu. Isitoshe, kupasuka kwa chembe kwaweza kubadilisha viwango hadi mara 50. Huenda basi kinachodhaniwa kuwa uvimbe ni kosa la aliyetoa damu.

Hata kichupa kina lake. Heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, huvuruga kipimo cha PCR. Damu ikiachwa igande, chembe za kugandisha hutoa maikroRNA zake. Ikikaa saa nyingi kabla ya kuzungushwa mashineni, hesabu hubadilika. La ajabu, maabara nyingi zimetumia miR-16 kama kigezo cha kulinganishia nyingine, ilhali nayo hupanda chembe zinapopasuka. Mizani ya namna hiyo haiwezi kuaminika.

Hapa Kenya, ambako damu yaweza kutolewa mji mmoja na kupimwa mwingine, jambo hili si dogo. Maoni yangu ni kwamba maabara yoyote itakayouza kipimo hiki ilazimishwe kuandika kwenye jibu saa damu ilipotolewa, saa ilipotenganishwa, aina ya kichupa, na kama chembe zilipasuka. Macho pekee hayatoshi. Rangi ya majimaji hayo hupimwa kwa mwanga.

Wapo watakaosema gharama itapanda. Lakini ni gharama gani inayoshinda ya mtu mzima kuambiwa ana saratani, au mgonjwa kurudishwa nyumbani akiambiwa hana?

Kwa hivyo, msomaji, jibu moja la kipimo cha aina hii lisikutie hofu wala lisikuondolee shaka. Uliza damu yako ilitunzwa vipi. Na ukiwa na dalili yoyote, mwone daktari akuchunguze kikamilifu.