Kabla ya Kudai Mkoa Mpya, Tuulize Kivuko

Kila hoja ya kugawa mikoa ya Kanda ya Ziwa inaporudi, vimbweta vinachemka. Huyu anataka makao makuu yaende kwao, yule anasema mkoa ukiwa mdogo huduma zitasogea. Mimi nauliza jambo moja: mtu wa Ukerewe anafikaje Mwanza mjini?

Kwenye ramani Ukerewe ni wilaya ya Mkoa wa Mwanza, basi. Lakini siku ambayo meli ya Nansio haipo, msafiri anapanda kivuko Rugezi na kushukia Kisorya, wilayani Bunda. Hapo tayari yuko Mkoa wa Mara. Anafika Bunda mjini, anapita Lamadi ambayo ni Simiyu, ndipo anaingia Magu na kurudi mkoani kwake. Yaani unakatiza mikoa miwili ya watu ili ufike makao makuu ya mkoa wako! Na ukiwa na mgonjwa mwenye rufaa ya Bugando, huo si mjadala wa darasani tena.

Mwaka 2012 tulipata Geita na Simiyu. Ofisi zilisogea, sikatai. Mtu wa Bariadi hamfuati tena mkuu wa mkoa Shinyanga. Lakini mpaka haubebi abiria. Kilichobadilisha safari ya Sengerema na Geita ni Daraja la Kigongo–Busisi, kama kilomita 3 juu ya maji, lililofunguliwa Juni 2025. Hakuna mpaka uliochorwa upya hapo, ila foleni ya kivuko imebaki hadithi.

Wapo watakaosema huwezi kujenga daraja hadi kila kisiwa. Kweli kabisa. Ukara wapewe vivuko viwili vya uhakika, kimoja kikiharibika kingine kiende, na abiria wahesabiwe kabla kamba haijafunguliwa. Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara ikitoka Bugolora. Ilikuwa imejaza kupita kiasi, na watu zaidi ya 200 wakafa. Miaka 22 kabla yake tulikuwa tumeshazika wa MV Bukoba. Tunahitaji somo la ngapi?

Kwa hiyo, ndugu zangu, hoja ya mkoa mpya ikiletwa tena kwenye mdahalo, aliyeileta aulizwe: fedha za kujenga ofisi ya mkuu wa mkoa na za kununua magari yake zingeweka vivuko vingapi majini?