Mpungie mkono hata mwenye skuta

SALAMU zimekuwa adimu mjini siku hizi, msomaji. Mwamkie mtu usiyemjua pale Barabara ya Tom Mboya uone atakavyoshika mfuko wake kwanza kabla ya kukujibu. Jirani mnaokaa ploti moja mwaka wa tatu sasa, mlango kwa mlango, hamjuani majina. Kwenye matatu kila mtu ameinamia simu yake kana kwamba ameambiwa ndani yake kuna hazina.

Hata hivyo, kuna jamii moja ya watu ambao husalimiana kila siku bila kujuana jina, kabila wala dini. Hao ni waendesha pikipiki. Ulaya na Marekani, pikipiki mbili zikikutana barabarani, kila mmoja akienda zake, mkono mmoja huinuka na mwingine hujibu. Sekunde mbili tu, wamekwisha kupishana, na huenda wasionane tena hadi kiama. Lakini wamesalimiana.

Usidhani ni jambo la ovyo ovyo lisilo na taratibu. Lina adabu zake. Marekani, ambako vyombo hupita upande wa kulia, pikipiki inayokujia hukupitia upande wa kushoto, na mkono wa kushoto ndio unaopungwa. Mkono huo kazi yake kubwa ni klachi, nayo hukamatwa zaidi wakati wa kubadilisha giya. Mkono wa kulia ndio wenye mafuta na breki ya mbele, na kuuachia si busara. Wengi huushusha mkono wa kushoto chini, vidole viwili vikielekea lami. Wapo wanaosema maana yake ni dua: magurudumu yako mawili na yabaki chini, ufike salama.

Uingereza, kama hapa kwetu, watu hupita kushoto. Mwenzako hukujia upande wa kulia, uliko mkono wa mafuta. Ukiuinua kumpungia, pikipiki hupoteza mwendo na breki ya mbele hubaki bila mwenyewe. Kwa hivyo Waingereza wengi huinamisha kichwa kidogo tu, yakatosha. Ufaransa nako, pikipiki ikipita katikati ya magari na dereva akaipisha, mwenye pikipiki humshukuru kwa kunyoosha mguu wa kulia. Mgeni asiyejua desturi hiyo anaweza kudhani anataka kupigwa teke!

Desturi hii ilianza lini? Wamarekani wana hadithi wanayopenda kuisimulia, kwamba mwaka wa 1904 William Harley na Arthur Davidson, wale waliounda pikipiki za Harley-Davidson mjini Milwaukee, walipishana njiani wakapungiana mkono kwa kuwa walikuwa marafiki. Mtu aliyewaona akafikiri kwamba ndivyo waendesha pikipiki wote wafanyavyo, naye akaiga. Hiyo ni hadithi tu, na hadithi tamu haihitaji cheti cha kuzaliwa. Sababu yenyewe ya salamu hizi si vigumu kuiona. Mwenye gari amezungukwa na bati, vioo na mkanda wa usalama. Mwenye pikipiki hana bampa ila goti lake. Mvua ni yake, vumbi ni lake, shimo la barabarani ni lake, na dereva wa lori asiyetazama kioo ni wake pia. Watu wawili walio katika hatari moja wakikutana, ni kawaida waambiane: nimekuona, nenda salama.

Sasa fitina iko wapi? Iko kwenye skuta.

Kwa miaka mingi waendesha pikipiki kubwa wamebishana kama mwenye skuta naye astahili kupungiwa mkono. Wengine hawataki hata kusikia. Husema skuta nyingi za leo hazina klachi wala giya. Unakaza mafuta inakwenda, unaachia inapungua, mtoto anaweza. Husema aliye juu ya skuta hakuinunua kwa mapenzi ya pikipiki, bali anakimbilia kazini au sokoni, na kwamba amekaa kama mtu aliye kwenye kiti cha jikoni, magoti pamoja. Huyo, wanasema, si mwenzetu. Tena wapo wenye Harley ambao hulaumiwa kwamba hawamjibu yeyote ila mwenye Harley. Ukianza kuchuja watu, chujio halishibi.

Tuwe waadilifu msomaji, hoja yao ina chembe ya ukweli. Skuta mashuhuri duniani, Vespa, ilibuniwa na mtu ambaye hakuzipenda pikipiki. Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha, kiwanda cha Piaggio kule Pontedera, Italia, kilichokuwa kikitengeneza ndege, kilikuwa kimevunjwa kwa mabomu. Waitaliano hawakuwa na pesa za magari na barabara zao zilikuwa mbovu. Kazi ya kubuni chombo cha bei nafuu alipewa Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege. Yeye aliona pikipiki ni chombo kichafu na kisicho na raha. Akaondoa mnyororo unaochafua nguo, akaiweka injini karibu na gurudumu la nyuma, akatengeneza mahali pa kuweka miguu na ngao ya mbele ya kuzuia matope. Chombo hicho kilitolewa mwaka wa 1946, kikaitwa Vespa, yaani nyigu. Padri mwenye kanzu aliweza kukipanda, na mwanamke mwenye sketi pia. Mwaka uliofuata Lambretta ikatoka Milan.

Basi tangu mwanzo skuta ilikuwa chombo cha watu wasiotaka kuitwa waendesha pikipiki. Uingereza jambo hilo lilifikia hatua ya ngumi. Mwaka wa 1964, vijana walioitwa Mods, waliopenda suti nadhifu na skuta za Kiitaliano, walipigana na wenzao walioitwa Rockers, wa jaketi za ngozi na pikipiki kubwa za Kiingereza, katika miji ya ufuoni kama Clacton, Margate na Brighton. Vijana wa taifa moja, wote wakipanda magurudumu mawili, wakitupiana viti kwa sababu ya nguo na chombo!

Lakini hebu tuzipime hoja hizo. Kwanza, ikiwa giya na klachi ndivyo vinavyomfanya mtu astahili salamu, tutafanya nini na pikipiki za umeme zinazozidi kuonekana jijini Nairobi? Nyingi hazina klachi, hazina giya, hazina hata mngurumo. Aliye juu yake hubeba abiria kutoka alfajiri hadi usiku. Tumwambie naye si mwenzetu?

Pili, ikiwa ni ujasiri na safari ndefu vinavyotakiwa, mtazameni Giorgio Bettinelli, mwandishi wa Italia. Alitoka Roma hadi Saigon, Vietnam, kwa Vespa mwaka wa 1992 hadi 1993. Baadaye akatoka Alaska hadi ncha ya kusini ya Amerika, na tena akatoka Australia hadi Afrika Kusini, daima kwa Vespa, hadi alipofariki mwaka wa 2008. Ni wangapi wa wale wanaoosha pikipiki kubwa kila Jumamosi ili waende nyama choma Jumapili walio na ubavu wa kumdharau mtu huyo?

Tatu, na hili ndilo kubwa, barabara haiulizi. Lami haina habari kama ulianguka kutoka chombo cha sisi 1,000 au cha sisi 100. Hata sheria yetu hapa Kenya haibagui. Leseni ya pikipiki ndogo, ya kawaida na ya bodaboda zote ziko katika daraja la A, ingawa kuna vijidaraja ndani yake. Wote wanatakiwa kuvaa helmeti na jaketi ya kuakisi mwanga, wao na abiria wao, na abiria ni mmoja tu. Mbele ya sheria na mbele ya hatari, mwenye skuta alikwisha kuingia zamani. Ni sisi tunaomzuia mlangoni.

Tukirudi nyumbani hasa, ugomvi wetu ni mkubwa kuliko skuta. Jumapili asubuhi utawaona wenye pikipiki kubwa wakielekea Naivasha au Magadi, wamevalia ngozi na glovu, wakiinamishiana vichwa kwa heshima. Ni jambo la kupendeza. Lakini watapita bodaboda ishirini kabla ya kufika Limuru, na kwa wengi wao hao ishirini ni kama nguzo za stima. Binti wa chuo kikuu anayekwenda masomoni kwa skuta naye hupitwa hivyo hivyo, na mwenye bodaboda pia humpigia honi ampishe badala ya kumsalimia. Kila mmoja ana wa kumdharau.

Na kumbuka bodaboda imetoka wapi. Ilianzia mpakani Busia, vijana wakivusha watu na mizigo kwa baiskeli kati ya Kenya na Uganda, wakiita abiria kwa jina la mpaka wenyewe. Serikali ilipoziondolea kodi ya VAT pikipiki ndogo mwaka wa 2008, kazi hiyo ikaenea nchi nzima. Leo karo za watoto wengi zinalipwa kwa gurudumu hilo. Aliyeko juu yake si mchezaji. Yuko barabarani saa kumi na mbili kwa siku, mahali ambapo wewe hupita Jumapili tu.

Hata hivyo, nisije nikaonekana nawapaka mafuta wanabodaboda. Umoja wao una uzuri wake, maana mmoja akianguka wenzake hufika kabla ya ambulensi. Lakini umoja huo huo umewahi kugeuka unyama. Mwezi Machi 2022, kundi la wanabodaboda lilimshambulia na kumdhalilisha mwanamke aliyekuwa akiendesha gari kwenye barabara ya Profesa Wangari Maathai jijini Nairobi, hadi serikali ikaamuru msako nchi nzima. Wapo pia waliochoma magari baada ya ajali, bila kuuliza nani alikuwa na makosa.

Unaona uhusiano, msomaji? Anayekataa kumsalimia mwenye skuta na anayemvamia mwenye gari wana ugonjwa mmoja. Wote wawili wanaangalia chombo, hawamwangalii mtu aliye juu yake. Wa kwanza anasema, chombo chako si kama changu, kwa hivyo sikuoni. Wa pili anasema, chombo chako si kama changu, kwa hivyo nitakuumiza. Ni hatua tu zinazotofautiana.

Nani basi aanze kusalimia? Hapa tuna mwongozo wa zamani kuliko Harley na Vespa. Adabu ya Kiislamu, inayofahamika vyema kule Pwani, inasema aliyepanda mnyama ndiye amsalimie anayetembea kwa miguu, na anayetembea amsalimie aliyeketi. Yaani aliye juu ndiye aanze. Tukiichukua adabu hiyo, mwenye pikipiki kubwa ndiye ampungie mwenye bodaboda, na mwenye bodaboda ampungie binti wa skuta. Heshima si utumwa, na haipunguzi hata sisi moja ya injini yako.

Lakini fanya hivyo kwa akili. Sisi tunapita kushoto, kwa hivyo kuinamisha kichwa kunatosha. Usiachie mkono wa mafuta ili uonekane mwungwana. Usisalimie ukiwa kwenye kona, kwenye mzunguko wa barabara, kwenye matope au katikati ya msongamano. Ukisalimia usijibiwe, usinune. Huenda mwenzako amekamata klachi, huenda ana abiria anayemng'ang'ania shingoni, huenda yeye ni mwanafunzi na anaogopa hata kupepesa jicho. Na ukimwona yeyote amesimama kando ya njia na chombo kilichoharibika, punguza mwendo umuulize kama yuko salama. Salamu ya kichwa isiyoweza kusimama kwa dakika moja haina uzito.

Nawe mzazi, mwanao akikuomba skuta ya kwendea chuoni, mnunulie helmeti nzuri kwanza, umpeleke kwenye shule ya udereva, ndipo muende dukani kuchagua rangi.

La mwisho ni hili. Takwimu za NTSA zimekuwa zikionyesha kwamba miongoni mwa wanaokufa kwenye barabara zetu, waendao kwa miguu ndio wengi zaidi, na waendesha pikipiki huwafuata. Mtembea kwa miguu hana hata helmeti. Kama aliye juu ndiye aanze, basi ukishamwinamishia kichwa mwenye skuta, funga breki pale penye mistari myeupe umpishe mama anayevuka na mtoto mgongoni. Hiyo nayo ni salamu, na ataielewa bila kufundishwa.