Kabla ya kulaumu maziwa, pimeni tezi

Mama mzazi anaambiwa maziwa yake mepesi, hayamshibishi mtoto. Anapikiwa uji wa pilipili manga, anaongezewa supu, kisha maziwa ya kopo yanabisha hodi. Shingo yake hakuna aliyeitazama.

Tezi ya shingo, yaani thairoidi, hutoa homoni zinazoendesha mwili mzima, utengenezaji wa maziwa ukiwamo. Ikilegea, mama huchoka, huhisi baridi, hukosa choo, na maziwa huweza kupungua. Ikichachamaa, moyo humwenda mbio na maziwa huweza kukawia kushuka. Ni dalili zinazofanana mno na uchovu wa uzazi. Tena wapo wanaomaliza mimba salama, tezi ikawaharibikia miezi kadhaa baada ya kujifungua.

Maziwa ya mama huyu si mabovu, na wanaosema hivyo wakome. Kinachoweza kupungua ndani yake ni madini joto, nayo hutegemea anachokula mama. Mtoto akiyakosa, ukuaji wa ubongo wake huathirika. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mikrogramu 250 kwa siku kwa mjamzito na anayenyonyesha. Mtu mzima mwingine hutosheka na 150. Tanzania ina sheria ya kuweka madini joto kwenye chumvi tangu miaka ya 1990, na Nyanda za Juu Kusini, zilizosumbuliwa sana na rovu, zinajua kwa nini. Lakini chumvi ya kupima kwa kopo gengeni, iliyoanikwa wazi juani, nani anaikagua?

Dawa nazo zina uzushi wake. Levothairoksini, inayopewa wenye tezi iliyolegea, haimzuii mama kunyonyesha. Anayemwachisha kwa sababu ya vidonge hivyo anakosea. Iodini ya mionzi ni jambo jingine: hiyo inamlazimu kuacha kabisa kumnyonyesha mtoto huyo.

Hatudai kila mjamzito apimwe. Zahanati nyingi hazina kipimo chenyewe. Tunadai mwenye rovu, aliyewahi kutibiwa tezi, au ambaye mimba zimemharibikia mara kwa mara, apewe rufaa mapema, asingojee mwezi wa saba. Na siku mtoto anapoletwa kupimwa uzito, muuguzi amgeukie na mama: amguse shingo, amuulize uchovu, usingizi na mapigo ya moyo. Kazi hiyo haihitaji mashine.